Ulimi wa Kielektroniki Unaona Tofauti. Tofauti ya Nini?

Hotuba kamili iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa kemia, mafundi sanifu wa maabara na watu wa viwanda vya chai na dawa. Imewekwa hapa kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha za kwenye skrini zimeachwa.

Walimu wetu, mafundi sanifu wa maabara, wenzetu mliotoka viwandani, na ninyi wanafunzi mliokosa viti mkakaa kwenye ngazi: karibuni, na asanteni kwa kuja.

Nianze na swali. Kama wanakemia wamehangaika miaka mingi kutafuta kihisi kinachojibu kitu kimoja tu, kwa nini leo tukae kuzungumzia ulimi wa kielektroniki, yaani safu ya vihisi vinavyojibu vitu vingi kwa mara moja na kusomwa kwa pamoja kwa hesabu?

Tuanzie California. Mwanakemia Glen Joseph alikuwa akipima uchachu wa maji ya limau kwa ajili ya chama cha wakulima wa matunda. Maji yale yalihifadhiwa kwa dioksidi ya salfa, na dioksidi ya salfa iliharibu elektrodi ya hidrojeni na kufuta rangi za viashiria. Elektrodi ya kioo ilikuwapo tangu kazi ya Fritz Haber na Zygmunt Klemensiewicz ya mwaka 1909, ila kioo kina ukinzani mkubwa mno. Mita za wakati ule hazikuweza kukisoma bila kukifanya chembamba hadi kinavunjika kwa kuguswa. Mwaka 1934 Arnold Beckman akaunganisha kioo kinene na kikuza ishara cha vali za ombwe. Mita ya pH ikapatikana, na limau likapimika.

Kwa nini nalileta jambo hili? Kwa sababu kosa lile lile bado linafanyika. Elektrodi ya kioo ina ukinzani wa karibu ohmu milioni 100. Multimita ya fundi umeme ina ukinzani wa ohmu milioni 10. Ukiviunganisha, multimita inakusomea sehemu moja tu ya kumi na moja ya volteji halisi. Kihisi ni kizima, mmumunyo ni sahihi, namba ni ya uongo. Kabla hujanunua kihisi chochote cha kupima volteji, hakikisha mita yako ina ukinzani wa kuingilia usiopungua ohmu trilioni 1.

Mwaka 1966 Martin Frant na James Ross wakaonyesha elektrodi ya floraidi, yenye fuwele ya lanthanamu floraidi iliyotiwa yuropiamu kidogo. Hicho ndicho kilele cha uwezo wa kihisi kuchagua ioni moja. Kati ya ioni za kawaida za majini, haisumbuliwi na nyingine isipokuwa haidroksidi. Unachanganya sampuli na mmumunyo wa kudhibiti pH na nguvu ya ioni, nusu kwa nusu, ili pH ikae kati ya 5 na 5.5 na alumini na chuma viachie floraidi, kisha unasoma. Kwa maji ya visima vya Arusha na Meru, ambako floraidi imeharibu meno na mifupa ya watu, elektrodi hii ni chombo cha kweli. Swali ni moja: je, floraidi imezidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, au haijazidi? Kwa swali la namna hiyo msitumie ulimi wa kielektroniki. Narudia: swali likiwa la kitu kimoja chenye kikomo kinachojulikana, tumia kihisi cha kitu kimoja.

Sasa njooni kwenye chai. Mwonjaji wa Mombasa hapimi kitu kimoja. Anavuta kijiko cha chai kwa nguvu, anakizungusha mdomoni, anatema, anatoa uamuzi, anahamia kikombe kinachofuata. Ndani ya kikombe kile mna theaflavini, thearubijini, kafeini, asidi za amino, potasiamu nyingi na mamia ya vitu vingine. Elektrodi ya "chai nzuri" iko wapi? Haipo, na haitakuwapo.

Hapo ndipo wazo likageuka. Kiyoshi Toko na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walichukua mafuta ya aina mbalimbali yenye chaji, wakayafunga ndani ya PVC, na mwaka 1990 wakachapisha kihisi cha ladha chenye njia nyingi. Hakuna utando wao hata mmoja uliokuwa mchaguzi. Kila utando ulijibu chumvi, asidi na uchungu kwa uwiano wake. Huko Saint Petersburg, Yuri Vlasov na Andrey Legin, wakishirikiana na kundi la Arnaldo D'Amico na Corrado Di Natale la Roma, walitumia vioo vya kalkojenidi, yaani vioo vyenye salfa au seleniamu, kwa namna hiyo hiyo. Mwaka 1997, huko Linköping, Sweden, Fredrik Winquist, Peter Wide na Ingemar Lundström waliacha tando wakatumia metali tupu, wakizipiga kwa mapigo ya volteji na kusoma mkondo. Miji tofauti, mbinu tofauti, wazo moja: vihisi vichache, kila kimoja kikiwa na upendeleo wake usio mkali, halafu hesabu ya kuvisoma kwa pamoja.

Hesabu hiyo inafanyaje kazi? Chukua vihisi viwili vinavyojibu sodiamu na potasiamu. Cha kwanza kinapenda potasiamu zaidi, cha pili kinapenda sodiamu zaidi. Una milinganyo miwili na visivyojulikana viwili, vinatatulika. Lakini vikipenda kwa uwiano ule ule, hata ukiweka kumi, una kihisi kimoja kilichorudiwa mara kumi. Umepunguza kelele, hujaongeza habari. Wengi hununua safu ya vihisi kwa kuhesabu idadi yake. Ulizeni kwanza: vinatofautiana kiasi gani?

Na je, vinaona kila kitu? Hapana. Sukari ya mezani haina chaji. Utando unaosoma volteji unapita juu yake kana kwamba haipo, mpaka utengenezewe njia maalumu. Anayekuuzia ulimi wa kupima volteji na kukuahidi kwamba utapima utamu wa soda, muombe akuonyeshe utando wa sukari na namna unavyofanya kazi.

Twende kwenye meza ya maabara, maana hapa ndipo kazi nyingi hufia.

Utando wa kawaida wa potasiamu unatengenezwa hivi. Pima miligramu 1 ya valinomaisini, ambayo ndiyo inayokamata potasiamu, miligramu 0.5 ya chumvi ya borati iitwayo KTpClPB, miligramu 33 za PVC ya molekuli ndefu, na miligramu 65.5 za mafuta ya kulainishia yaitwayo DOS. Jumla miligramu 100. Yeyusha katika mililita 1 ya tetrahidrofurani, ndani ya kichupa kinachofunga vizuri, mbali na moto, mahali penye mvuto wa hewa. Dondosha mikrolita 50 juu ya elektrodi, subiri kama dakika 20, dondosha tena, kisha funika kwa bika uache usiku kucha. Tetrahidrofurani ikiondoka haraka, utando unabaki na vipovu na vitundu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ya pwani wakati wa masika, utando unapauka na kupata ukungu mweupe kwa sababu umenyonya maji ukiwa unakauka. Ukaushie ndani ya chombo chenye jeli ya silika. Asubuhi uloweke kwenye mmumunyo wa kloridi ya potasiamu wa mola 0.01 kwa saa 24. Anayeruka hatua ya kuloweka atakaa siku nzima akitazama namba inayotembea.

Hapo una utando mchaguzi. Ili kupata utando wa ulimi, toa valinomaisini na borati, weka tridodesilmethilamoniamu kloridi. Sasa utando unajibu anioni, ukizitanguliza zile zinazopenda mafuta: perkloreti, thiosianati, nitreti, halafu bromidi na kloridi. Utando mwingine utie asidi ya oleiki, utajibu pH na ioni chanya. Badilisha mafuta ya kulainishia, na mpangilio wa upendeleo unasogea tena. Tando nne au tano za aina hii, pamoja na elektrodi ya kioo, zinatosha kuanzia.

Utando huo unaukaza wapi? Hapa pana historia ya kuzingatiwa. Mwaka 1971 Robert Cattrall na Henry Freiser walichovya waya wa platinamu moja kwa moja ndani ya PVC yenye kibadilisha ioni cha kalsiamu. Hakuna mmumunyo wa ndani, hakuna mrija, bei ndogo. Watu wengi wakafuata. Kisha ikaonekana kwamba volteji inahama siku hadi siku bila sababu inayoonekana. Sababu iko mpakani. Utando unabeba chaji kwa ioni, waya unabeba kwa elektroni, na kati yao hapakuwa na kitu cha kubadilisha hiki kuwa kile. Tena, maji hupenya polepole na kujenga tabaka jembamba kati ya utando na metali. Oksijeni na dioksidi ya kaboni zikifika pale, volteji inafuata hewa ya chumba badala ya sampuli. Dawa yake ni kuweka tabaka la polima inayopitisha umeme, kama PEDOT, kabla ya kudondosha utando. Ukikutana na safu ya bei rahisi iliyochapishwa kwenye karatasi ya plastiki, swali la kwanza ni hilo: chini ya utando kuna nini?

Halafu elektrodi ya rejea, ile yenye volteji isiyobadilika ambayo vihisi vyote hulinganishwa nayo. Ndugu zangu, hii ndiyo isiyozungumzwa na ndiyo inayoangusha tafiti. Fedha na kloridi ya fedha, ndani yake kloridi ya potasiamu ya mola 3, na kizibo chenye vinyweleo kinachogusa sampuli. Tanini za chai na protini za maziwa huziba vinyweleo hivyo. Rejea ikisogea milivolti 5, vihisi vyote vinasogea milivolti 5 kwa pamoja, na kompyuta inaona kundi jipya la sampuli. Kwa ioni ya chaji moja, kosa la milivolti 1 ni kosa la karibu asilimia 4 ya ukolezi; kwa ioni ya chaji mbili ni karibu asilimia 8. Tumieni rejea yenye vyumba viwili. Wekeni rejea ya pili safi ambayo haigusi chai kamwe, na kila asubuhi ilinganisheni na ile ya kazi ndani ya kloridi ya potasiamu. Tofauti ikipita milivolti chache, badilisheni mmumunyo au kizibo kabla ya kupima chochote.

Kwa upande wa metali, ugonjwa ni mwingine. Kundi la Linköping lilifuatilia maziwa yaliyoachwa kwenye joto la chumba, na mapigo ya volteji yakaonyesha maziwa yakibadilika kadiri bakteria walivyoongezeka. Kazi nzuri, ilichapishwa mwaka 1998. Huko Kolkata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jadavpur na kituo cha kompyuta cha C-DAC walipeleka mbinu hiyo kwenye chai nyeusi, wakalinganisha na alama za waonjaji wa kazi. Chai inafaa kwa njia hii kwa sababu polifenoli zake huoksidishwa kirahisi juu ya dhahabu, platinamu na kaboni. Ila polifenoli hizo hizo zikishaoksidishwa huungana na kuacha ngozi juu ya elektrodi. Kikombe cha kwanza kinatoa mkondo mkubwa, cha tano mdogo, cha kumi mdogo zaidi. Ukivipanga vikombe kuanzia chai bora hadi hafifu, utapata grafu ya kupendeza, na itakuwa grafu ya uchafu.

Kusafisha kuna utaratibu. Ng'arisha kwa unga wa alumina wa mikromita 0.3, halafu 0.05, ukizungusha mkono kwa umbo la nane. Suuza, tikisa kwa mawimbi ya sauti dakika chache ili chembe za alumina zitoke. Kisha, kwa dhahabu na platinamu, zungusha volteji ndani ya asidi ya salfuriki ya mola 0.5 mpaka mizunguko inayofuatana ilaliane. Kati ya kikombe na kikombe huwezi kung'arisha, kwa hiyo tumia mapigo ya kusafisha ndani ya mmumunyo usio na chai, na uandike mkondo wa mmumunyo huo kila mara.

Na chai yenyewe ipikwe sawasawa: gramu 2 kwa mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6, kama kiwango cha ISO 3103 kinavyotaka, chuja, poza hadi nyuzi 25. Kikombe kimoja kikikaa dakika 10 na kingine saa 1, theaflavini zimeendelea kubadilika na chai imeanza kupoteza ung'avu wake.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo naomba mlisikilize kuliko yote.

Tuseme Jumatatu unapima sampuli 15 za kiwanda cha kwanza. Jumanne unapima sampuli 15 za kiwanda cha pili. Unaingiza namba kwenye uchambuzi wa PCA, hesabu inayofupisha namba nyingi za kila sampuli kuwa nukta moja kwenye grafu. Yanatokea makundi mawili yaliyotengana kabisa, hakuna nukta iliyopotea njia. Unafurahi. Unaandika: ulimi umetambua asili ya chai kwa asilimia 100.

Ulimi umeona tofauti. Tofauti ya nini?

Jumatatu chumba kilikuwa nyuzi 22, Jumanne 27. Jumatatu utando ulikuwa mpya, Jumanne ulikuwa umeloa siku nzima ya chai. Jumatatu rejea ilikuwa safi. Jumanne maji ya kupikia yalitoka kwenye dumu jingine. Vitu vinne vimebadilika pamoja na kiwanda, na hesabu haiwezi kuvitenganisha, hata uifanye kwa mtandao wa niuroni wenye tabaka mia. Ulimi umejifunza kalenda.

Tena ongezeni hesabu hii. Elektrodi 4, mapigo 40, nukta 25 kwa kila pigo: namba 4,000 kwa kikombe kimoja. Vikombe ni 30. Kwenye namba 4,000 lazima zipatikane chache zinazotenganisha vikombe 30 kwa namna yoyote utakayo, hata kwa herufi ya kwanza ya jina la aliyevipika. Je, huo ni uchambuzi?

Basi tufanyeje? Changanya mpangilio kwa kura, viwanda vyote viwakilishwe kila siku. Weka sampuli ya udhibiti ile ile baada ya kila sampuli 5, kuanzia asubuhi hadi jioni, na uitazame hiyo kabla ya kutazama chai. Sampuli ya udhibiti ikitembea kwenye grafu umbali sawa na ule unaotenganisha viwanda, funga daftari, rudi kwenye elektrodi. Shikilia joto la sampuli ndani ya nusu nyuzi kwa mtungi wa maji.

Kwenye uthibitishaji, usitoe sampuli moja moja. Ukitoa kikombe kimoja huku vikombe vingine viwili vya pakiti ile ile vimebaki kwenye mafunzo, umempa mwanafunzi majibu ya mtihani. Toa siku nzima, au shehena nzima, na umuulize modeli, yaani ile hesabu iliyofunzwa kwa sampuli zako, juu ya siku ambayo hajawahi kuiona. Namba itashuka, hiyo iliyoshuka ndiyo ya kuchapisha. Halafu fanya jaribio la mwisho: changanya majina ya viwanda ovyo, funza upya, rudia mara mia. Modeli yako ikipata alama nzuri hata kwa majina ya ovyo, umeshapata jibu.

Toko alilielewa hili mapema, na aliliweka ndani ya mashine yenyewe. Kabla ya kila sampuli, vihisi vyake husoma mmumunyo wa rejea: kloridi ya potasiamu ya milimola 30 na asidi ya tatariki ya milimola 0.3, ladha hafifu inayokaribia mate. Halafu sampuli. Kinachoandikwa ni tofauti kati ya viwili hivyo. Kisha vihisi husuuzwa kidogo na kurudi kwenye rejea. Kama volteji haijarudi ilipokuwa, kile kilichobaki kimeng'ang'ania kwenye utando, na hicho hutumika kukadiria ladha inayobaki mdomoni baada ya kumeza. Tazameni uzuri wake. Kunata kwenye utando, jambo ambalo kwa mwingine ni kasoro, kwake ni kipimo, kwa sababu kila kikombe kina rejea yake pembeni.

Wenzetu wa dawa, nanyi nina neno. Ulimi wa kielektroniki unawafaa sana, kwa kuwa dawa ambayo bado haijathibitishwa usalama haiwezi kupewa watu waionje. Kwinini hidrokloridi inatumika kama kipimo cha uchungu. Unatengeneza mfululizo wa ukolezi, unasoma, kisha unaangalia dawa yako iliyofunikwa uchungu inaangukia wapi. Ukiwa na michanganyiko 20, ulimi unaweza kukuachia 3. Hapo kazi yake imekwisha.

Kwa nini imekwisha? Dawa ya malaria ya watoto ya artemetha na lumefantrini, vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, ilipotafutiwa ladha, walioulizwa walikuwa watoto wa shule wenye afya njema hapa Tanzania. Walionjeshwa stroberi, chungwa na cheri. Cheri ndiyo iliyochaguliwa. Cheri! Tunda ambalo wengi wetu hatujawahi kulichuma. Nani angelitabiri kutoka kwenye milivolti? Ladha ya matunda kwa sehemu kubwa ni harufu, na harufu haifiki kwenye utando uliozama majini. Upendeleo wa mtoto nao haumo kwenye mmumunyo.

Kwa kiwanda cha chai kinachotaka kuanza mwaka huu, huu ndio ushauri wetu. Anzeni na elektrodi tatu, za dhahabu, platinamu na kaboni ya kioo, rejea mbili na potenshiostati moja, kifaa kinachotoa volteji na kupima mkondo. Fungeni kwa utupu pakiti ndogo za shehena moja ya chai mnayoijua vizuri, za kutosha mwaka mzima, muziweke gizani penye ubaridi. Hiyo ndiyo sampuli ya udhibiti. Miezi mitatu ya kwanza msitabiri chochote. Pimeni chai ya kila zamu, pimeni udhibiti, andikeni joto, umri wa elektrodi, dumu la maji, jina la aliyepika. Mwonjaji wenu atoe alama zake bila kuona namba zenu, na vikombe vingine arudishiwe bila kujua, ili mjue yeye mwenyewe anatofautiana na nafsi yake kiasi gani. Modeli haiwezi kumfuata kwa ukaribu kuliko anavyojifuata mwenyewe. Mwezi wa nne leteni daftari lote, pamoja na siku mbaya, tukae na mwonjaji mezani tuanze kufunza modeli.

Maikrofoni ipite. Anayetaka kuuliza anyooshe mkono.